Beseni Lililomruka Mama Plamedie

Asubuhi ile Kamishna Donat alitaka kitu kimoja tu: sahihi ya Inspekta Kapinga chini ya faili.

“Gari ya kupeleka bafungwa ku parquet inakuya mchana,” alisema. “Telefone ilikamatwa ku meza yake. Soko muzima ilionaka. Unatafuta nini tena, Kapinga?”

“Natafuta mwizi, mon commissaire.”

“Mwizi eko mu cachot.”

“Mu cachot kuko fundi,” alisema Kapinga, akaifunga faili bila kuitia sahihi.

Hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye akazaliwa Lubumbashi, akasoma sheria palepale, na katika ofisi ile ya upelelezi hakuna aliyewahi kuona faili yake ikirudishwa na mwendesha mashtaka. Jambo hilo alilijua vizuri, na hata mwendo wake ulikuwa wa mtu anayelijua. Wenzake walimwita Mama Inspecteur, wengine kwa heshima, wengine kwa wivu, na yeye aliitikia wote sawa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi, mtaani Makomeno, kwenye kilio cha mzee Kabwe (kilio ndivyo msiba unavyoitwa mjini humo), mtu mmoja alipita kwa waombolezaji na beseni, mchana kweupe, akakusanya simu zao huku wenyewe wakicheka, kisha akatokomea nazo. Siku chache baadaye Chancelvie, mjukuu wa marehemu, alikuwa anapita soko la Kenya, mtaa wa palepale Lubumbashi, akaiona simu yake juu ya meza ya fundi aitwaye Mardochée. Picha ya babu yake na kofia ya mgodini ilikuwa inawaka kwenye kioo. Chancelvie akapiga yowe, umati ukajaa, fundi akatiwa pingu mbele ya wateja wake. Sasa alikuwa anangoja kupelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko Kasapa, gerezani, ambako mtu anaweza kuingia kijana akatoka na mvi kabla jaji hajamuuliza jina.

Kapinga alishuka kwenye mahabusu. Mardochée alikuwa amesimama, mikono ya shati lake imekunjwa vizuri kama mtu anayengoja kwenda kanisani.

“Yambo, Mama Inspecteur.”

“Yambo, Mardochée. Nani alikuletea ile telefone?”

“Muntu wa moto, alikuya na pikipiki, na casque ku kichwa. Alisema patron wake alisahabu code. Nikamuambia alete carton ya telefone. Bila carton, miye sigusake. Akasema anarudia. Hakurudia.”

“Bafundi beko bengi mu soko. Juu ya nini alikuya kwako?”

Fundi alinyoosha mgongo. Hata pale, miguu mitupu juu ya saruji, sifa haikumtoka mwilini. “Ile modèle ni nguvu, mama. Mu Lubumbashi muzima tunaifungua bantu bawili. Mwenzangu alienda Kolwezi.”

Kapinga alikaribia kucheka. Basi ufundi wake ndio uliomponza. Lakini alikuwa ameshaona jambo lililomkaa rohoni zaidi ya maneno: simu ile ilikuwa bado imefungwa, haijaguswa, picha ya babu bado iko kiooni. Fundi mwizi anaanza kwa kufuta. Simu ya wizi hailali hata saa moja mezani na picha ya mwenye mali, tena kando ya njia inayopitwa na nusu ya mji.

“Mama, sikiliza,” alisema Mardochée. “Kasapa siiogope sana. Naogopa soko. Fundi wa telefone akiitwa mwizi, amekufa. Hata banifungue kesho, nani ataniachia telefone yake? Sina shamba, sina makuta ya baba. Niko na jina tu.”

“Hii jina, nani anaitunza?”

“Leo ni weye.”

Hakusihi, aliyasema hivyohivyo tu, na Kapinga akapenda namna alivyoyasema. Akapanda ngazi, akachukua mkoba wake na kuelekea Makomeno.

Nyumbani kwa marehemu hema lilikuwa limeshashushwa, lakini viti vya kukodi bado vilipangwa ukutani. Chancelvie alimpokea kwa aibu, macho chini. Pamoja naye alikuwapo mzee mfupi, mkakamavu, Stanislas Mumba, ambaye ndiye Kamishna Donat alimshuku kuwa mshirika wa fundi. Ukoo wa Mumba na ukoo wa Kabwe ni watani, au banungwe kwa lugha ya mji, wa tangu na tangu. Akifa mmoja wa hawa, wale huja kumzika, kumtukana maiti, kuwachekesha wafiwa wasizame katika huzuni, na kunyakua vitu vyao mpaka vikombolewe kwa kitu kidogo. Ni kazi na ni heshima, na Stanislas aliibeba kama jenerali anavyobeba medali zake.

“Banasema miye njo nilimutuma mwizi,” alianza kabla hajaulizwa. “Miye! Nilibeba sanduku ya Kabwe na hii bega. Nilimuambia, Kabwe, we mulafi, leo utakula udongo. Watoto wake balicheka na machozi ku macho. Munungwe haibake, mama. Anakamata, anachekesha, anarudisha mbele ya jua kuingia. Munungwe akiiba, utani inakufa, na shiye tunakufa nayo.”

“Ule muntu wa beseni, ulimujua?”

Mzee akashusha pumzi. Hapo ndipo palipomuuma. “Alikuya na unga ku sura yote, robe ya mwanamuke, sufuria ku kichwa. Anatukana marehemu muzuri sana. Hata miye nilicheka. Nilizani ni wa kwetu, ndugu zetu ba ku Kasungami.”

“Na ba ku Kasungami?”

“Beko banasema balizani ni wa kwetu ba hapa.”

“Miye mwenyewe nilitia telefone mu beseni,” alisema Chancelvie. “Alisema, leta mali ya babu yako, utakomboa na fanta. Nikatia na kucheka. Picha zote za mwisho za babu ziko mule.”

“Alikuwa anaimba?”

“Bila kupumzika.”

“Aliimba,” alidakia Stanislas, kidole juu, “lakini hakuimba nyimbo yetu hata moja. Alikamata ba cantique za kanisa, akageuza maneno. Siku ile nilizani ni akili. Leo naona ni ujinga. Hakujua za kwetu.”

Kapinga alilipima hilo. Mtu aliyejua utani kwa macho, hakuujua kwa damu. Jirani, basi. Mtu aliyekaa Makomeno miaka, akahudhuria vilio vya watu, akatazama watani wakifanya kazi yao, akafikiri: hapa kuna mlango usio na kufuli. Mshirika wa fundi angekuwa mtoto wa soko. Huyu alikuwa mtoto wa mtaa. Na Stanislas alitoka kwenye orodha ya washukiwa pale pale, maana mtani wa kweli asingeacha kuimba nyimbo zake kwenye kilio cha Kabwe, hata kama angekuwa na nia ya kuiba nyumba nzima.

“Kulikuwa cameraman?” aliuliza.

Wote wawili wakamtazama kama aliyeuliza kama kulikuwa na maiti. Lubumbashi mtu hazikwi bila kamera.

Mpiga picha aliitwa Vital, mtu wa Butembo aliyefungua studio ndogo nyuma ya duka la rangi, na kabla ya kuonyesha chochote alitaka inspekta aelewe kwamba picha zake hazitetemeki kama za wengine.

“Hii ni kazi ya kweli, mama. Utahesabia hata unywele.”

“Nionyeshe beseni.”

Likaja. Chini ya hema, safu ya wanawake kwenye viti, vitenge vya aina moja, na mbele yao yule mtu: uso mweupe kwa unga, gauni la maua, sufuria kichwani, kiuno kinazunguka. Beseni linakwenda kwa huyu, anatia. Linakwenda kwa huyu, anakataa kwa kucheka, yule mtu anajitupa chini analia kilio cha uongo, mwanamke anatia. Watu wanapiga makofi. Kapinga mwenyewe, akiwa na kazi ya kumkamata, alitabasamu. Mwizi yule alikuwa na kipaji, lazima aseme.

Kisha beseni likaruka.

“Rudisha nyuma,” alisema.

Vital akarudisha. Mwanamke mmoja mnene, amekaa katikati ya safu kama mwenye hema, simu kubwa ya bei kali iko wazi mapajani pake. Aliye kushoto kwake ametoa. Aliye kulia kwake atatoa. Yeye hakuguswa, hakuombwa, hata hakutazamwa.

“Pale alichoka,” alisema Vital.

“Mwizi hachokake mbele ya telefone kubwa. Ule mama ni nani?”

“Mama Plamedie. Hamumujue? Ni wa Kasai kama weye. Anauzisha banguo en gros, kwa jumla, anatumaka mpaka Kambove, ku migodi.”

Kapinga alimpigia Kamishna Donat, akamweleza alichokiona. Jibu lilikuja kabla hajamaliza: “Basi banasikilizana! Ni complice. Kamata ule mama, utie naye mu gari.”

“Mon commissaire, complice angetia telefone yake ya kwanza, bengine bamufuate. Na angeikuta jioni nyumbani. Mwenye anasaidia mwizi hapana kubaki peke yake na telefone mu mapaja, kila mutu amuone.”

“Uko na mpaka mchana,” alisema Donat, akakata.

“Rudisha tena,” Kapinga alimwambia Vital. “Na upandishe sauti.”

Safari hii hakulitazama beseni. Alimtazama mtu. Anakuja anaimba, anacheza, magoti yako wazi chini ya gauni. Anainua macho, anamwona yule mama kwa kuchelewa. Wimbo unakatika. Anavuta gauni, anafunika magoti. Anageuza bega, anatoka juu ya mkeka, anapita nyuma ya viti huku kichwa kimeinama, sufuria nusura imwanguke. Anatokea viti kadhaa mbele, na wimbo unaanza upya, kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyeponea kwenye tundu la sindano.

Kapinga alijiegemeza kwenye kiti, na furaha ikampanda kutoka tumboni mpaka usoni, furaha ya mtu aliyeona kitu ambacho hakuna mwingine mjini angekiona haraka hivyo. Alimkumbuka mumewe, mwalimu wa fizikia, mrefu, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Bwana huyo akisikia tu kikohozi cha mama yake Kapinga langoni, hutokea mlango wa jikoni akazunguka uwanja mzima. Kwa watu wa Kasai mwanamume hamkabili mama mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hamtamki jina, haonyeshi mwili wake. Akimkuta njiani, hutoka njiani. Mtoto huanza kufundishwa hilo kabla hajajua kwamba kuna siku ataoa. Mazoea yana taabu: mtu anaweza kuvaa gauni la mwanamke, akajipaka unga, akaazima utani wa jirani na kuuimba vizuri kuliko wenyewe, lakini miguu yake inabaki miguu ya kwao.

“Vital,” alisema, “ule muntu haogope ule mama. Anamuheshimu.”

“Juu ya nini?”

“Juu ni mukwe wake.”

Bohari ya Mama Plamedie ilikuwa imejaa marobota ya mitumba mpaka darini, na yeye mwenyewe alikuwa katikati, akiwaamuru wabebaji kwa kidevu tu. Lori la Kambove lilikuwa linapakiwa. Huko wachimbaji wakipata kitu hununua bila kubembeleza, na wake zao hununua zaidi. Kapinga alimwamkia kwa Kiluba cha Kasai kwanza, kwa goti lililoinama kidogo, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa. Kisha wakaingia katika Kiswahili cha mji.

“Mama, uko na bakwe wangapi?”

“Moja tu. Mutoto wangu ni moja, Plamedie, na mukwe ni moja, Clovis, mutoto wa hapa Makomeno.” Uso wake ulichanua. “Eko na boutique ya batelefone mu ville, kati ya muji. Mama, ule mutoto! Ku mahari alitoa mbuzi, alitoa suti ya bwana wangu, hakukosesha kitu. Tangu aliowa, hajaonaka uso yangu muzima. Jina yangu haijatokaka mu kinywa yake. Ba mama bengine banalia na bakwe ba sasa, banakuya kukula ku meza moja na ba mama mukwe kama ni rafiki. Wangu, hapana. Wangu alifundishwa.”

“Najua, mama. Njo vile nilimujua.”

Kapinga akamsimulia yote, taratibu, bila kupunguza: wimbo uliokatika, gauni lililovutwa, njia ya nyuma ya viti. Mwanamke yule alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. Kisha akasema neno lililoonyesha kwamba ameshaamini, ingawa mdomo ulikuwa bado haujakubali.

“Nilizani alinipita juu niko mukubwa mu quartier. Nilifurahi! Nilimuambia jirani, unaona, hata banungwe banajua bantu.”

“Alikupita juu uko mama mukwe wake.”

“Mutu anaweza kupita muntu juu ya sababu mingi.”

“Kweli. Basi niambie kitu moja tu. Balle za Kambove, nani anazifunga?”

“Batumishi.”

“Zote?”

Hapo macho ya mama yakakimbia yenyewe, kabla hajayazuia, mpaka kwenye robota lililokaa peke yake karibu na mlango. “Ile ya mwisho,” alisema polepole, “inatokaka kwa Plamedie. Clovis anaifunga kule kwao na anaituma. Anamuambia Plamedie, mwambie mama asichoke, ile moja nitamufungia miye. Na kule Kambove, ndugu yake njo anaipokea.”

Hakumngoja inspekta aombe ruhusa. Alichukua kisu kwa mtumishi, akakata kamba mwenyewe, akachana gunia mwenyewe. Sweta za watoto zikamwagika sakafuni, na ndani ya kila sweta, mikono imefungwa fundo, kulikuwa na simu. Kapinga alizitambua kwa maelezo ya wenyewe: yenye kava la Bikira Maria, yenye kona iliyovunjika, ya mama mchungaji yenye shanga. Zilizokuwa rahisi kufunguliwa zilikuwa njiani kwenda Kambove. Ile ngumu, ya Chancelvie, ndiyo iliyomlazimu Clovis kumtuma mtu wa pikipiki kwa fundi bora wa soko.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Plamedie alikaa juu ya robota lililochanwa, akatazama sweta moja bluu kwa muda mrefu.

“Nitatuma polisi ku boutique,” alisema Kapinga.

“Hapana.” Alisimama tena, akafunga kitenge upya. “Alikuya mu nyumba yangu na heshima, alipokelewa na heshima. Hataenda kukamatwa mu ville kama kuku. Nitamuita miye.”

Na akampigia mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema tu, “Clovis, kuya ku depot,” akakata. Kapinga aliisikia sauti ya upande wa pili ikipoteza pumzi. Mtu akiitwa jina na mama mkwe wake hufikiri kuna maiti.

Clovis alifika mbio, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kijana mzuri kwa kweli. Alipoona ndani kuna nani, alisimama nje ya kizingiti, ubavu, macho chini, kama kawaida. Hakuona robota lililochanwa. Hakumwona Kapinga aliyekuwa nyuma ya mlango.

“Ingia,” alisema Mama Plamedie.

Hakuingia.

“Clovis, ingia. Leo niangalie mu macho.”

Wabebaji waliacha mizigo yao. Mzee mmoja wa Kasai aliyekuwa akishona magunia aligeuza uso ukutani, maana alichokuwa anakishuhudia hakishuhudiwi. Clovis alipiga hatua moja, akaona sweta, akaona simu. Alipiga magoti bila kuinua macho.

“Mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na kiburi, hata pale, “weye sikukugusa. Unajua. Bote niliwagusa, weye hapana. Sikukukosea heshima hata siku moja.”

“Ulipita uso yangu,” alisema Mama Plamedie, “ukatia mikono mu jina yangu. Gani njo mubaya zaidi?”

Kapinga alitoka nyuma ya mlango, akamfunga Clovis pingu, akamsomea haki zake neno kwa neno, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa sababu faili zake huwa hazirudi.

Gari la wafungwa lilikuwa limeshawasha injini walipofika kituoni. Kamishna Donat aliziona simu zikipangwa mezani, akasoma ungamo la Clovis, akajikuna shingo. Kwa kumtendea haki, alisema, “Kazi muzuri, Kapinga,” na akaisema mbele ya watu. Kisha akaagiza Mardochée afunguliwe na kupitishwa mlango wa nyuma, kimya kimya, bila makelele.

“Hapana, mon commissaire,” alisema Mardochée.

Donat aligeuka. “Hapana nini? Uko libre!”

“Balinifunga mu soko, bantu bakiona. Banifungulie mu soko, bantu bakiona.”

“Polisi haitembezake bantu mu soko kwa kuomba pardon.”

Kapinga alipekua kichwani vifungu vyote vya sheria alivyovijua. Hakuna sheria inayomrudishia mtu jina lake. Kiti kikasogea pembeni. Mama Plamedie, aliyekuja kuandikisha maelezo yake, alikuwa amesimama.

“Nitamupeleka miye,” alisema.

“Mama,” Kapinga alimwambia kwa upole, “baclients bako bote beko kule. Ukisema, itafika mpaka Kambove.”

“Nikinyamaza, njo itafika mubaya zaidi. Twende, mutoto wa bantu.”

Walikwenda kwa miguu. Mbele Mama Plamedie na kitenge chake cha ghali, kando yake fundi mwenye shati lililokunjamana kwa mahabusu, nyuma yao hatua chache Inspekta Kapinga, na nyuma ya Kapinga watu waliozidi kuongezeka kila njia panda. Walipoingia sokoni, mtu akapiga kelele upande wa samaki: “Mwizi anarudia!” Vicheko vikafuata. Mardochée aliendelea kutembea.

Mama Plamedie alisimama mbele ya meza ya fundi, ile ile alipokamatiwa, akainua mkono. Hakuhitaji kupaza sauti. Wauza nguo wote wa soko lile walikuwa wanaijua sauti ile, na wengi walikula kwayo.

“Munisikilize,” alisema. “Mwenye aliibaka batelefone za kilio ya Makomeno ni Clovis, bwana ya mutoto wangu. Miye njo nilikula mbuzi yake ya mahari. Batelefone zilitoka mu depot yangu, mu balle yangu, leo, na mukono yangu nilizitoa. Huyu Mardochée mulimusingizia. Alikatala kufungua telefone ya watu, njo alifungwa. Mwenye eko na matusi, atukane miye. Mwizi ni wa kwetu.”

Kapinga alikuwa amekamata watu wengi katika kazi yake, na mara nyingi alirudi nyumbani ameridhika na akili yake. Siku ile alijivunia kitu kingine kabisa: kuzaliwa katika mji mmoja na mwanamke yule.

“Mama, ikala,” alisema mmoja wa wauza samaki, yule yule aliyepiga kelele, akisogeza kiti.

“Sijachoka,” alijibu Mama Plamedie.

Aligeuka akasimama kando ya Mardochée, mkono wake mmoja juu ya meza ya fundi, uso kwa soko lote. Mardochée alitandika kitambaa chake, akapanga bisibisi zake moja moja, kubwa kwa ndogo. Hakuna aliyesogea. Jua lilikuwa kali, jasho likamtiririka mama yule shavuni, na hakulifuta. Alisimama hivyo mpaka mwanamke mmoja akatoka katika umati, akafungua mkoba wake, akamwekea fundi simu yake mezani.